Siku Chuma Kinapolala

Neema na Hamisi,

Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, mkasema mtayabandika ukutani karibu na kioo. Msiyabandike. Watu wa jimu hawasomi ukuta, wanajitazama kwenye kioo. Yasomeni ninyi wawili mnaoshika funguo sasa. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa.

Nitaanza na sababu, maana sipendi mtu anayezunguka. Tangu nimzike mke wangu Theresia, nimekuja jimu kila siku mnayofungua. Nimestaafu, sina kazi pale, lakini nimekuja. Mnasema, "Shikamoo mwalimu, karibu," mnanipisha benchi, mnarudi pembeni mnanong'ona. Upole huo naushuku. Ama mnanihurumia ama mnaniogopa, na hakuna kati ya hayo mawili linalomsaidia mtu anayebeba vyuma bila kupumzika. Someni, kisha mtajua la kunifanyia.

Siku yangu ya kwanza sikuja kufundisha. Nilikuwa fundi wa kuchomelea mageti na matela ya ng'ombe hapa Katesh, na Mzee Shabani aliniita nimtengenezee benchi. Ninyi mlimkuta ameshazeeka, anakaa tu dukani na tasbihi yake. Wakati ule alikuwa mtu mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, baba zake walitoka Kondoa, na daktari alikuwa amemwambia apunguze mwili. Nyuma ya duka kulikuwa na stoo ya saruji. Akaiondoa saruji, akaweka benchi moja, ikawa jimu.

Vyuma vya kwanza vilikuwa zege iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, mtaimbo umepitishwa katikati. Ukinyanyua, unga wa saruji unakumwagikia machoni. Lile gurudumu zito la injini mnalozuilia mlango lilitoka kwenye trekta bovu la mashamba ya ngano, na ndicho kilichokuwa chuma chetu cha kwanza cha kweli. Mlitunze. Limewatia adabu watu wengi waliojiona wana nguvu.

Nilipomaliza benchi nikachukua nyundo ndogo, nikaanza kugonga viungo kimoja kimoja.

"Unagonga nini tena?" Mzee Shabani akauliza. "Si umemaliza?"

"Nasikiliza, mzee. Kiungo kinaweza kung'aa nje, kumbe ndani hakijashika. Ukikigonga kinasema."

"Na watu je? Unaweza kuwagonga?"

"Watu nawashuku tu, mzee. Sijui kuwagonga."

Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi langu, nalo likamhimili. "Kesho njoo ukae mlangoni," akasema. "Wenye misuli ninao. Nataka mtu asiyeamini anachokiona."

Basi hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Si kwa kifua, maana hata leo mnaona sina.

Mzee Shabani alinifundisha jambo moja kubwa. Alisema, "Kazi yako si kuwaambia watu wabebe. Hata punda anabeba. Kazi yako ni kuwaambia waende nyumbani." Ndiyo maana jimu yetu hufungwa Ijumaa na Jumapili. "Ijumaa ni yangu, Jumapili ni yenu," alisema, "na chuma nacho kina haki ya kulala." Alikuwa akifunga kufuli mwenyewe, anapiga mlango kofi kama anavyompiga ng'ombe anayeingia zizini, anaondoka.

Nilidhani kufunga mlango ni kazi rahisi. Nikaja kujua kwamba kumfundisha mtu kunyanyua ni wiki mbili, na kumfundisha kuacha kunaweza kukushinda miaka. Mwili haukui ukiwa unabeba. Unaumia pale, halafu unakua umelala. Nimelisema hilo hadi likachakaa mdomoni. Kila mtu anaitikia, "Kweli mwalimu," halafu anakwenda kupiga pushapu nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo nikajifunza kushuku kwa utaratibu. Mtu akikuambia jana alipumzika, usimtazame usoni. Uso umefundishwa kusema uongo tangu utotoni. Mtazame akishuka ngazi ya mlangoni. Mapaja ambayo hayakulala hushuka kwa upande, kama kuku aliyefungwa kamba. Tazama viganja, kama sugu imechanika upya. Na zaidi ya yote, kwa kuwa Katesh ina baridi na kila mtu huja na sweta, tazama anavyolivua. Mtu aliyepumzika hulivua kichwani kwa mara moja. Asiyepumzika hulitoa mkono mmoja mmoja, kama anamvua mtoto mgonjwa.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja wa sokoni, mtu wa maneno mengi. Nilimwambia, "Jana ulipumzika?"

"Nilipumzika kabisa, mwalimu."

"Ulipumzika na kifua kimevimba hivyo?"

"Ni chapati."

"Chapati imekaa upande wa kushoto na wa kulia sawasawa?"

Wenzake walimcheka mwezi mzima, wakamwita Chapati. Huyo hakuwa tatizo. Alitaka tu shati limbane. Anayetaka shati limbane utamshinda, maana siku moja atapata mchumba na atapunguza mwenyewe.

Baadaye zikaja saa za mkononi na simu zinazompongeza mtu kwa kutokukosa hata siku. Hamisi, najua unayo. Mimi simwamini mtu anayenisifu bila kunijua, sembuse saa. Saa hiyo haijawahi kukuuliza kwa nini hutaki kukaa nyumbani. Na hilo ndilo swali la kazi hii. Lilinichukua muda mrefu kulijua, na aliyenifundisha ni Boay.

Boay alikuwa mkulima wa upande wa Nangwa, mahindi na alizeti, mrefu, mabega mapana. Alianza kuja asubuhi mvua za kupandia ziliponyesha. Hapo hapo nikamshuku. Mvua ikinyesha, jimu hubaki na watu wa mjini tu, walimu na wauza maduka. Wakulima wote wako shambani, hata wavivu, maana ardhi haimsubiri mtu. Mkulima gani anakuja kubeba vyuma wakati mbegu za wenzake zinaingia ardhini?

Kisha nikaona mengine. Alichukua kona ya mwisho peke yake. Hakumpa mtu mkono. Ukimnyooshea, anainamisha kichwa tu. Kikombe cha maji alikuja nacho, hakuchota kwa kikombe chetu. Na akimaliza kutumia mtaimbo, anaufuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kote, kuanzia ncha hadi ncha, kabla mwingine hajaugusa. Nimefanya kazi ile miaka mingi, nimewaomba watu wafute jasho lao mpaka sauti ikakauka. Sasa anatokea mtu anafuta bila kuambiwa. Nikajua ana jambo.

Na hakupumzika. Kila siku tuliyofungua alikuwepo. Siku tulizofunga, watu wa Nangwa walimwona kwenye korongo akihamisha mawe kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Siku nyingine ya kufunga anayarudisha.

Jimuni kila mtu alikuwa na maelezo yake. Chapati alisema, "Yule anatafuta mali ya Mjerumani, ile ya wakati wa ukoloni. Kuna mtu kamwambia imezikwa korongoni."

"Sasa mawe anayarudisha ya nini?" mwingine akauliza.

"Ili msijue amechimba wapi. Wewe ungeacha alama?"

Mwingine alisema kaua mtu anajificha. Mwingine alisema anajiandaa kupigana na shemeji zake. Mimi sikusema neno, lakini niliamini anatumia dawa za kuvimbisha misuli, na kikombe chake nilikinusa alipokwenda chooni. Kilikuwa na maji.

Nilimweleza Theresia jioni, akiwa anachambua maharage. Yeye alizaliwa Mogitu, wanakojua mila, akaendelea kuchambua kama anavyofanya akiwa ameshajua.

"Baba Paulo," akasema, "mtu ana shamba, mvua imenyesha, hashiki jembe. Hampi mtu mkono. Hanywi kwenye kikombe cha watu. Na wewe umezaliwa Dongobesh, unaniuliza mimi?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Kwetu Wairaqw, wazee wana mwiko wa zamani. Nyumba ikifiwa na mtoto, hukaa pembeni. Wafiwa hawaingii kwa watu, watu hawaingii kwao, na hawashiki jembe mpaka wazee watamke kwamba imetosha. Wazee wanasema msiba ukipita shambani kwa mtu, mbegu zitaharibika. Siku hizi wengi wameuacha, kanisani tumeambiwa tuuache, na mimi nilikuwa nimeusahau kabisa. Lakini kuna koo ambazo bado hazithubutu.

Nikamwambia Theresia, "Basi hapaswi kuwa jimu."

"Hapaswi," akasema. "Ndiyo ujiulize kwa nini yupo."

Kesho yake nilimsubiri mlangoni. Alishuka ngazi kwa upande.

"Jana ulipumzika?"

"Nilipumzika, mwalimu."

"Vua sweta."

"Kuna baridi."

"Livue."

Akainua mkono, ukafika begani, ukagoma. Akajaribu wa pili, nao ukagoma. Mikono ilikuwa imevimba, viwiko havinyooki. Nilikuwa nimesikia habari ya jambo hili kwa daktari mmoja aliyewahi kufanya mazoezi kwetu, kwa hiyo nikamuuliza lile swali ambalo nanyi lazima mlijue hata kama mnaona aibu.

"Mkojo wako una rangi gani?"

Akatazama chini. "Kama chai ya rangi."

"Panda pikipiki twende hospitali."

"Siwezi kukaa karibu na mtu, mwalimu."

"Najua. Nani amefariki?"

"Binti yangu. Alikuwa mmoja tu." Kisha akasema haraka, kama mtu aliyeyaandaa maneno siku nyingi: "Wazee walisema nisishike jembe. Walisema nisiingie nyumba ya mtu wala shamba la mtu. Hapa si nyumba, si shamba. Hakuna aliyetaja chuma. Na nafuta, mwalimu. Umeona nafuta."

"Nimeona."

Alipanda nyuma. Hakunishika. Alishika chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, na njia nzima akageuza uso pembeni ili pumzi yake isinifikie.

Hospitali walimlaza wakamtundikia maji. Daktari alituambia kwamba misuli iliyochoshwa kupita kiasi huvunjika, na uchafu wake huenda kuziba figo. Akasema akiendelea hivi atazipoteza. Asinyanyue kitu chochote mpaka aambiwe. Nilimshukuru.

Daktari alipoondoka, Boay akasema, "Huyo hajui anachosema. Kukaa nyumbani siwezi."

"Kuna nini nyumbani?"

Aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, "Mama yake bado anapika ugali wa watu watatu. Tukimaliza kula, kinabaki kipande cha mtu mmoja. Hatusemi kitu. Anakifunika."

Nimeshika kazi hii muda wote ule, na nilikuwa na jibu kwa kila anayekataa kupumzika. Nikamwambia apumzike tu.

Alipotoka hospitali nilimwambia mlango wetu kwake umefungwa. Nikarudi nikamweleza Mzee Shabani, nikitegemea sifa.

"Umemfungia," akasema. "Vizuri. Umempa nini badala yake?"

"Nimemwambia apumzike."

"Mwanangu, umemrudisha kwenye kile kipande cha ugali, halafu unaita hiyo ni kupumzika. Kesho utamkuta korongoni. Nenda ukakae naye."

"Nyumba yake haiingiliki, mzee."

"Nimesema ukae naye. Sikusema uingie."

Sitawadanganya kwamba nilikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu sikumwamini. Nilichukua kigoda nilichokichomelea mwenyewe, Theresia akabeba ungo wake wa maharage, tukaenda Nangwa Ijumaa iliyofuata. Tukakaa nje ya ua wa minyaa. Boay alikuwa ndani, mlangoni, hatua za kutosha baina yetu, kama mwiko unavyotaka. Jirani mmoja alipita, akatutazama, akabadilisha njia.

"Umekuja kufanya nini, mwalimu?" Boay akauliza.

"Kukuangalia usiende korongoni."

"Na nikienda?"

"Nitakufuata na kigoda changu. Mimi ni mzee, nitaanguka, utanibeba, daktari atakasirika."

Hakucheka, lakini alikaa. Ng'ombe walipita, ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukapanda tena. Niliona magoti yake yanavyocheza. Niliona mikono inavyotafuta kitu cha kushika. Mnaojua kuhesabu marudio ya kunyanyua, jifunzeni kutazama hilo pia: mtu anayekaa akiwa hataki kukaa anafanya kazi nzito kuliko zote. Jasho lilimtoka.

Tukarudi Jumapili baada ya ibada, na Ijumaa nyingine, kila siku chuma chetu kilipolala. Theresia na mama wa yule mtoto walizoea kuzungumza kupitia minyaa, kila mmoja upande wake, habari za maharage na bei ya sabuni. Siku moja yule mama alisema, bila mtu kumuuliza, "Leo ugali haukubaki."

Theresia aliacha kuchambua. Boay aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama ng'ombe.

Mwishowe wazee walitamka, Boay akashika jembe, akapanda amechelewa na akavuna kidogo. Alirudi jimu baada ya mavuno, kama mkulima yeyote. Alinipa mkono kwa mara ya kwanza, na nusura aniumize. Tangu hapo alikuja mara mbili kwa wiki tu, na sweta alilivua kichwani kwa mara moja. Kile kigoda nilimwachia. Na wale waliosema anatafuta mali ya Mjerumani, nao sikuwaambia kitu. Kama Chapati bado anaamini, muacheni aamini.

Basi hiyo ndiyo kazi niliyowaachia. Mtu akishindwa kupumzika, mfungieni mlango, lakini msiishie mlangoni. Shukuni zaidi. Ulizeni kuna nini nyumbani, na kama hajibu, chukueni kitu cha kukalia.

Sasa nirudi kwangu. Siku mnazofunga, mnadhani nimelala. Nimekuwa nikichomelea vigoda. Hakuna aliyeviagiza. Vimejaa uani, kuku wanalalia. Nikiwa na moto wa kuchomelea mbele ya macho, sioni kile kiti alichokuwa akikalia Theresia. Nikizima, nakiona.

Leo ni Ijumaa. Asubuhi nilikuwa navaa buti za kazi niliposikia mtu anaweka kitu chini nje ya ua. Nikachungulia. Ni Boay, ameanza kuota mvi, amekaa kwenye kigoda kile kile. Geti liko wazi, na sisi hapa nyumbani mwiko ule hatuufuati, lakini amekaa nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Niko sawa hapa."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

Namshuku. Nawashuku na ninyi. Neema, wewe unajua kwake, na juzi ulikuwa unanong'ona na simu sikioni. Usinijibu.

"Umekuja kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kukuangalia." Kisha akanitazama kuanzia mabegani hadi viwikoni, kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama watu mlangoni. "Vua sweta, mwalimu."

"Kuna baridi."

"Livue."

Nikainua mkono. Ukafika begani, ukagoma.

Nikavua buti, nikaingia ndani kuchukua karatasi, nikakaa hapa kizingitini kuwaandikia. Magoti yangu yanacheza. Yeye anayaona.

Kwa hiyo mkiniona kesho, msianze na shikamoo. Anzeni na "Mwalimu, nenda nyumbani." Nitakasirika. Nitawaambia nilichomelea benchi lile kabla hamjazaliwa, na itakuwa kweli, na msinipishe. Boay yupo, atajua njia ya kunifikia.

Jua limeshakuwa juu, na nimesimama mara moja tu kusonga ugali. Mikono imepima yenyewe, kama ilivyozoea, ugali wa watu wawili. Nimeugawa, nimeweka sahani ya pili kwenye ungo wa Theresia, na sasa naipeleka kwa Boay, pale nje kwenye ua.